Matanga, deni na elimu: mjadala wa dini katika pwani ya Waswahili

Katika miji ya Waswahili, msiba haukwisha makaburini. Jamaa na majirani walikaa matanga nyumbani kwa wafiwa, wakila na kulala huko. Baadaye ilisomwa hitima, yaani kisomo cha Kurani cha kumwombea maiti, na siku ya arobaini watu wakakusanyika tena kwa karamu. Gharama ziliwaelemea wafiwa. Asiyelisha watu alihesabiwa kuwa hakumstahi maiti wake, kwa hiyo wapo waliokopa ili wasiaibike.

Sheria ya Kiislamu ina utaratibu wake. Katika mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za sanda na maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi. Kinachobaki ni haki ya warithi, mayatima wakiwamo. Tena imepokewa katika hadithi kwamba Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muuta, mwaka 629, Mtume aliagiza jamaa za Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa msiba umewashughulisha. Matanga yalipindua agizo hilo: mfiwa ndiye aliyewapikia majirani.

Mwanachuoni aliyeshika kalamu kwa mambo ya namna hii ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947). Miongoni mwa walimu wake alikuwamo Sayyid Ahmad bin Sumait wa Unguja, na Sheikh Al-Amin mwenyewe alifuatilia maandishi ya wanamageuzi Muhammad Abduh na Rashid Rida yaliyochapishwa Cairo. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili, na mwaka 1932 Al-Islah, lililoandikwa kwa Kiswahili na Kiarabu. Vitabu vya dini vilikuwa kwa Kiarabu, hivyo hukumu zilizomo zilijulikana kwa wachache. Kiswahili kiliufikisha mjadala barazani na majumbani.

Kwa Sheikh Al-Amin, faradhi hutangulia ada, na kutafuta elimu ni katika faradhi. Alipinga israfu katika sherehe na misiba, akahimiza watoto wa kiume na wa kike wasomeshwe elimu ya dini na ya dunia. Aliwaonya pia walioiga mavazi na anasa za Wazungu huku wakiacha bidii na maarifa ya hao Wazungu. Mwaka 1937 alikuwa kadhi mkuu wa Kenya.

Si wanavyuoni wote waliokubali. Watetezi wa hitima walishikilia kwamba kisomo humfaa maiti na sadaka ya chakula ina thawabu. Matanga nayo yaliwakutanisha ndugu waliotawanyika na kumwondolea mfiwa upweke.

Wanafunzi wawili wa Sheikh Al-Amin, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, waliendeleza kazi hiyo, na kila mmoja alikuja kuwa kadhi mkuu wa Kenya. Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, ilimwezesha msomaji asiyejua Kiarabu kupima mwenyewe lipi ni amri ya dini na lipi ni desturi ya mji.