Safari ya meli kati ya Bukoba na Mwanza

Safari ya meli kati ya Bukoba na Mwanza ni safari ya usiku mmoja katika Ziwa Viktoria inayounganisha mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na mji wa Mwanza, ambako reli ya kutoka Dar es Salaam huishia. Umbali kati ya miji hiyo ni takriban km 180 kwa mstari ulionyooka juu ya maji, lakini kwa barabara inayozunguka kupitia Muleba, Biharamulo, Chato, Geita na Sengerema ni zaidi ya km 400. Kwa sababu hiyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 watu wa Bukoba na Muleba walipozungumza juu ya "kusafiri" walikuwa na maana ya kupanda meli: mwanafunzi akienda shule ya bweni, mfanyabiashara akipeleka ndizi, bibi harusi akienda kwao mume, na hata marehemu akirudishwa nyumbani kuzikwa.

Katika nchi nyingi za Ulaya safari za treni na meli za ziwani zimekuwa kivutio cha likizo. Njia ya Bukoba ina mandhari isiyopungua zile, ila historia yake ni tofauti: ilianza kama njia ya posta na kahawa, na imebeba pia ajali kubwa kuliko zote zilizowahi kutokea katika ziwa hili.

Ziwa lenyewe

Ziwa Viktoria lina eneo la takriban km² 68,800 na liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni pana lakini si la kina kirefu. Mahali penye kina kikubwa ni kama mita 80 tu. Maji mapana yasiyo na kina kirefu huchafuka upesi upepo unapovuma, na mawimbi yake huwa mafupi na yenye kufuatana, jambo linalowashangaza wageni waliodhani ziwa ni tulivu kuliko bahari.

Pwani ya magharibi, ambako Bukoba na Muleba ziko, hupata mvua nyingi, takriban mm 2,000 kwa mwaka mjini Bukoba. Usiku hewa ya nchi kavu hupoa na kuelekea ziwani, ambako maji bado yana joto. Mawingu ya radi hujengeka juu ya maji, na dhoruba hufika pwani alfajiri au asubuhi. Kwa hiyo saa ambayo meli ya kutoka Mwanza hukaribia Bukoba ndiyo mara nyingi saa ya mvua.

Katika imani za jadi za Wahaya, Mugasha ndiye mwenye ziwa na dhoruba zake, na wavuvi walimtolea sadaka kabla ya kwenda majini.

Vyombo vilivyobebwa vipande vipande

Ziwa Viktoria halina mto unaopitika kwa meli hadi baharini. Kila chombo kikubwa kilichoelea humo, isipokuwa vilivyojengwa papo hapo, kililetwa kikiwa vipande. Mfano wa kwanza unaojulikana sana ni mashua ya Lady Alice, ambayo mpelelezi Henry Morton Stanley aliitengenezesha Uingereza kwa sehemu zinazotenganishwa, akaipitisha mabegani mwa wapagazi kutoka pwani ya Bahari Hindi, na kuizungusha ziwa lote mwaka 1875. Katika safari hiyo aligombana na wakazi wa kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kimo katika wilaya ya Muleba. Miezi michache baadaye alirudi na bunduki akawaua wengi wao. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vilisifu sana mzunguko ule wa ziwa. Bumbire una kumbukumbu nyingine.

Bukoba ilianzishwa kama kituo cha Wajerumani mwaka 1890 na Emin Pasha. Lakini reli ya kwanza kulifikia ziwa ilikuwa ya Waingereza: mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence. Kuanzia hapo meli zilijengwa Uskoti na kwingineko Uingereza, zikabomolewa, zikasafirishwa kwa bahari hadi Mombasa na kwa treni hadi Kisumu, kisha zikaunganishwa upya. Ndivyo zilivyokuja Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, na baadaye Usoga na Rusinga. Winston Churchill alivuka ziwa kwa Clement Hill mwaka 1907 akielekea Uganda.

Hali hii ilikuwa na tokeo moja la ajabu. Bukoba, ingawa ilikuwa katika koloni la Wajerumani, ilitazama Kisumu na Mombasa kuliko Dar es Salaam. Kahawa ya Wahaya ilipakiwa gatini, ikavuka ziwa hadi Kisumu, ikapanda treni ya Waingereza. Njia hiyohiyo ilileta vita: Juni 1915 askari wa Uingereza walivuka kwa meli kutoka Kisumu, wakaiteka Bukoba kwa siku chache, wakabomoa mnara wa redio wa Wajerumani na kuondoka.

Dar es Salaam ilikaribia mwaka 1928 tu, reli ya tawi kutoka Tabora ilipofika Mwanza. Tangu hapo mtu wa Bukoba aliweza kulala melini usiku mmoja, kushuka Mwanza asubuhi na kupanda treni hadi Bahari Hindi bila kutoka nje ya Tanganyika. Wakati wa ukoloni kulikuwa pia na safari ya kuzunguka ziwa kwa meli za shirika la reli, zikipitia Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na bandari za Uganda. Wazungu waliokuwa likizoni waliipenda. Wenyeji walisafiri katika meli hizohizo, ila katika daraja la tatu, kwenye sitaha pamoja na mizigo.

Victoria na meli za mabehewa

Meli iliyokumbukwa zaidi na kizazi cha uhuru ni Victoria. Ilijengwa na kampuni ya Yarrow huko Glasgow, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Katikati ya miaka ya 1960 zikafuata Umoja na Uhuru, meli za namna ya pekee: sitahani mwao mna reli, hivyo mabehewa ya mizigo huingizwa moja kwa moja kutoka gatini na kutolewa upande wa pili bila kupakuliwa.

Mpango huo ulitegemea shirika moja la reli kwa nchi tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ziligawanywa: Uhuru ilibaki Kenya, Victoria na Umoja zilikuwa za Tanzania. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Safari za kuzunguka ziwa zikafa, na njia ya Bukoba–Mwanza ikabaki kuwa uti wa mgongo wa usafiri wa mkoa.

Ajali ya MV Bukoba

MV Bukoba ilikuwa meli ya mwishoni mwa miaka ya 1970, iliyokusudiwa kubeba abiria 430 na mizigo. Usiku wa 20 Mei 1996 iliondoka Bukoba, ikapitia bandari ya Kemondo kuchukua abiria na mizigo zaidi, na kuelekea Mwanza. Asubuhi ya Jumanne 21 Mei, ikiwa imebakiza km 56 hivi kufika, ililala upande na kupinduka.

Orodha ya abiria ilikuwa na majina 443, na hao ni wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Kwa hiyo idadi ya waliokufa haijawahi kuwa moja: hutajwa watu zaidi ya 800, na wengine husema karibu 1,000. Meli ilipokuwa imepinduka bado ilielea, na sauti za watu zilisikika ndani. Waokoaji walitoboa bati la chini ili kuwafikia; hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazama hadi kina cha mita 25 hivi. Maiti nyingi zilizikwa pamoja Igoma, Mwanza.

Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo na kuunda tume chini ya Jaji Robert Kisanga. Kuzidisha abiria ndilo jambo lililotajwa mara nyingi, pamoja na hali ya meli yenyewe, ambayo uthabiti wake majini ulikuwa umelalamikiwa kabla. Suala la orodha halipaswi kusahauliwa. Mtu asiyeandikwa hutafutwa na jamaa zake tu. Na familia nyingi za Bukoba na Muleba hazikupata kaburi wala karatasi.

Baada ya ajali watu wengi walihamia mabasi. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe, na watu zaidi ya 220 wakafa. Huko nako kuzidisha abiria kulitajwa. Mwaka huohuo usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini ulikuwa umehamia kwa wakala mpya wa serikali, TASAC, kutoka SUMATRA.

Safari ilivyo

Meli inayotoka Bukoba huacha gati jioni au usiku. Nyuma yake hubaki genge la mawe linalouzunguka mji, na mbele ya bandari kisiwa cha Musira, ambacho husimuliwa kuwa zamani za wafalme kilikuwa mahali pa kuwafungia wakosaji. Umbali wa km 20 hivi kusini iko Kemondo, na hapo ndipo penye shughuli: mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa na maharage, na kuanzia Novemba ndoo na mifuko ya senene kwa ajili ya ndugu walioko mijini.

Baada ya Kemondo pwani ya Muleba huonekana kama mstari mweusi upande wa kulia, kisha hupita kisiwa cha Bumbire. Taa nyingi zinazoonekana majini usiku usio na mwezi ni za wavuvi wa dagaa, ambao huwavuta samaki kwa mwanga. Halafu huja saa kadhaa za maji matupu, bila nchi kuonekana popote. Kunapopambazuka Ukerewe huwa upande wa kushoto na Kome upande wa kulia, na mwisho wa safari ni mawe makubwa ya Mwanza, pamoja na lile liitwalo Jiwe la Bismarck.

Wakazi wa visiwa vya Muleba, kama Bumbire, Goziba, Kerebe, Ikuza na Mazinga, hawafaidiki moja kwa moja na meli hizi kubwa. Wao hutumia boti za mbao zenye injini kutoka mialo ya pwani, na boti hizo ndizo zinazobeba walimu, wagonjwa, mafuta ya taa na samaki.

Kulinganisha na Ulaya

Uswisi hutajwa kama mfano wa nchi iliyounganisha treni na meli kwa wasafiri. Katika Ziwa Luzern bado zinatembea meli tano za mvuke zenye magurudumu ya maji ubavuni. Kongwe kati yake, Uri, ilianza kazi mwaka 1901, mwaka uleule reli ilipofika Kisumu. Tiketi moja ya watalii hutumika katika treni na meli, na ratiba za vyombo hivyo hupangwa zikutane.

Tofauti ya ukubwa ni ya kukumbukwa. Ziwa Geneva, ambalo ni kubwa kwa kipimo cha Ulaya ya kati, lina km² 580 hivi. Viktoria ni zaidi ya mara 100 yake. Msafiri wa Luzern haachi kuona nchi kavu, na akichoka hushuka gati linalofuata. Wa Bukoba akishaipita Bumbire hana gati jingine hadi asubuhi. Kilichoziweka hai meli kongwe za Uswisi si uzuri wa milima peke yake. Ni matengenezo ya kila mara na abiria anayejua saa ya kuondoka.

Hali ya sasa

Victoria iliacha kufanya kazi mwaka 2014. Kwa miaka sita Bukoba ilikuwa bila meli yake kubwa ya abiria. Ilikarabatiwa Mwanza na kurudi majini mwaka 2020 kwa jina la MV Victoria Hapa Kazi Tu, ikiwa na nafasi ya abiria 1,200. Meli mpya, MV Mwanza Hapa Kazi Tu, yenye urefu wa mita 92.6, ilishushwa majini Februari 2023. Ujenzi wake uliambatana na kuboreshwa kwa bandari za Mwanza Kaskazini, Kemondo na Bukoba. Hii inaweza kubeba abiria 1,200, tani 400 za mizigo na magari. Umoja nayo ilirudishwa mwaka 2018 kupeleka mabehewa Port Bell, Uganda.

Wakati huohuo barabara imepata nguvu. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa km 3 hivi, lilifunguliwa 19 Juni 2025 na kuondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikichelewesha mabasi ya Kagera. Meli bado ina faida kwa mwenye mzigo mzito na kwa anayetaka kulala njiani.

Upande wa reli, treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Kipande cha Mwanza–Isaka, cha km 341, kilianza kujengwa mwaka 2021. Hadi vipande vyote viunganishwe, abiria wa Bukoba anayetaka kwenda pwani kwa reli hupanda Mwanza treni ya njia ya zamani, ile iliyofika mwaka 1928, na safari yake huchukua zaidi ya siku nzima.