Mwezi Mmoja wa Kukumbuka

Oktoba moja ya miaka hii ya karibuni, binti wa dada yangu anayeishi Uingereza alinipigia simu jioni. Nilikuwa nimekaa nje, nikitazama mitumbwi ikirudi mwaloni hapa Nyumba ya Mungu. Baada ya shikamoo na marahaba akanieleza shida yake. Mwanawe wa miaka 11 alitakiwa shuleni aeleze habari moja ya historia ya watu wake, kwa kuwa ule ulikuwa mwezi wa historia ya watu weusi. "Mjomba, tumwambie nini?"

Nikamtajia Nyerere. Akasema mtoto mwingine amekwisha kumchukua. Nikataja Mlima Kilimanjaro. "Mlima si historia, mjomba." Nikanyamaza. Ndipo nikamkumbuka bibi yangu, aliyependa kusema "mwaka ule wa Same". Nilipokuwa mdogo nilidhani anasimulia habari za gulio.

Kumbe alikuwa anasema habari za Mbiru. Mwaka 1943 watawala walileta Upareni kodi mpya iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, wakaipa jina la ushuru wa zamani wa watemi wetu. Watu waliona kwamba jina lile ni kanzu ya kuazima. Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu walishuka kutoka milimani, wakakaa Same mbele ya boma, bila silaha, wakiikataa. Mwaka uliofuata wanawake kama 500 wa Usangi wakatembea kwa miguu hadi Same. Inasimuliwa kwamba walimwambia mkuu wa wilaya amalize shauri la kodi ili waume zao warudi nyumbani, au awape mimba wote yeye mwenyewe. Mwishowe serikali iliiacha kodi ile. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliyaandika haya katika kitabu chake cha mwaka 1971. Basi si kwamba habari haikuandikwa. Tatizo ni kwamba haikutufikia.

Nilimsimulia mtoto yote, ila ule usemi wa mimba nikamwachia mama yake. Alisikiliza, kisha akauliza: "Mbona mama hakuijua?" Mama yake alisoma shule ya msingi huku huku kwetu. Sikuwa na jibu, na swali lile limeniweka macho usiku zaidi ya mmoja.

Ndugu msomaji, jambo hili la miezi lina asili yake. Carter G. Woodson, mtoto wa watu waliokuwa watumwa Marekani, alianzisha mwaka 1926 juma la historia ya watu wake, katika Februari. Mwaka 1976 juma likawa mwezi unaotambuliwa na taifa. Uingereza ilianza mwaka 1987, kwa juhudi za Akyaaba Addai-Sebo kutoka Ghana, nao wakachagua Oktoba. Woodson mwenyewe alitumaini ifike siku ambayo juma lake halitahitajika, kwa kuwa historia hiyo ingefundishwa mwaka mzima.

Wapo wanaoudhihaki mwezi huo, na hoja yao ina uzito. Wanasema ni kumkaribisha mgeni sebuleni kwa siku 31, kisha kumfungia mlango. Picha zinabandikwa ukutani, Novemba zinabanduliwa. Pia historia ikiwekwa chumba chake peke yake, wengine huona haiwahusu.

Huku kwetu tuna hofu nyingine, na mimi nimekua nayo. Baada ya uhuru tulikataa kutajana kwa makabila. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kumwuliza mtu kabila lake. Tuliona majirani wakiuana kwa makabila, tukashukuru. Hapa mwaloni ninaelewa thamani yake. Tangu mito ya Ruvu na Kikuletwa ilipozuiwa katikati ya miaka ya 1960 na bwawa likajaa, wavuvi wamekuja kutoka mbali, wakakaa na Wapare na Wamasai, na Kiswahili kimetutosha. Nani ataka mwezi wa Wapare, kisha mwezi wa Wachaga, kisha ugomvi?

Na hata ukiuweka, utamkumbuka nani? Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa, lakini asili yenyewe ina wenye nguvu na wanyonge. Ndani ya Upare wamo Wagweno, wenye lugha yao isiyo Chasu. Wamo Washana, wahunzi waliotawala Ugweno hadi Wasuya walipowanyang'anya. Mwezi wa Wapare ungeweza kuwameza hao kama vile historia ya taifa ilivyoimeza Mbiru.

Hata hivyo narudi kwa yule mtoto. Laiti mwalimu wake asingekuwa na mwezi ule, asingeulizwa; asingeulizwa, nisingepigiwa simu, na "mwaka ule wa Same" ungezikwa pamoja nami. Mwezi una mapungufu yote niliyoyataja, lakini ulifanya kazi moja ambayo miezi yangu 12 ya kila mwaka haikuifanya: uliuliza. Kwa hiyo nasema una faida, kwa sharti kwamba swali lisiishe mwezi unapoisha. Kwetu sisi sidhani tunahitaji mwezi wa kabila. Tunahitaji kila shule ifundishe kilichotokea mahali ilipo, kwa watoto wote walio darasani, awe Mpare au mtoto wa mvuvi aliyehamia juzi. Mbiru haikuwa ugomvi wa kabila na kabila. Ilikuwa haki, na haki haina kabila.

Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1946 leo anakaribia miaka 90. Juma lililofuata nilinunua daftari, nikapanda gari la Usangi. Wazee wawili niliowatafuta nilikuta wamekwisha kufariki. Wa tatu alinikaribisha, akaniuliza kwa nini nimechelewa hivyo.