Njia Zisizoshikika: Mafundi wa Kuunganisha Katika Embu na Meru

Miji ya Embu na Meru, ambayo Serikali ya Kiingereza iliifanya maboma yake katika mwaka 1906 na mwaka 1908, imekuwa na mafundi wa kuwaunganisha watu walio mbali kwa muda mrefu, ila taarifa za mafundi hao ni chache mno, maana mengi waliyoyatengeneza yalikuwa njia za muda, zilizofunguliwa kwa haja na kufungwa haja ilipokwisha, na njia ya namna hiyo haiachi gofu wala jiwe la kumwonyesha mpita njia.

Barabara itokayo Embu kwenda Meru kwa kupitia Chuka huzunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya, na kila baada ya kitambo hushuka bondeni ili kuvuka mto: Thuci, Ruguti, Nithi, Mutonga na mingine, hata Kathita ulio pale Meru. Katika siku za kwanza za boma barua zilikwenda kwa miguu ya matarishi, na kila bonde lilikuwa na mashaka yake. Kisha zikaja nguzo na nyaya, na pamoja nazo akaja karani wa swichibodi, ambaye watu walimwita opereta, na ambaye kwa rai yangu ndiye babu halisi wa mafundi tutakaowataja baadaye.

Kazi ya opereta ilistahili heshima kuliko ile aliyopewa. Mwenye simu alizungusha mkono wa chombo chake, umeme mdogo ukapita katika waya, na mbele ya opereta kijilango kikaanguka kuonyesha ni nani aitaye. Opereta alichomeka ncha moja ya kamba katika tundu la mwitaji, akauliza anamtaka nani, akachomeka ncha ya pili katika tundu la mtakiwa, akapiga kengele. Na mazungumzo yalipokwisha alizichomoa ncha zote mbili, njia ile ikawa kama haijapata kuwako. Ikiwa mtu alitaka kusema na mji wa mbali, alitoa jina lake na kungoja zamu, kwa kuwa nyaya za masafa zilikuwa chache na wenye haja walikuwa wengi. Waya ulikuwa mali ya kudumu, lakini muungano ulikuwa tendo, na tendo hilo liliishi mkononi mwa mtu mmoja aliyeketi mbele ya ubao wenye matundu.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapita upesi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika katika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu liligawanyika, na Kenya ikaunda lake, ambalo nalo liligawanywa katika mwaka 1999. Mwaka huo huo ulianzishwa KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za elimu za Kenya. Katika mwaka 2009 mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa, na nyuzi za fiba zikawa zinapanda bara. Chuo cha Nchiru, karibu na Meru, kilichokuwa chuo kishiriki tangu 2008, kilipata hati ya kuwa chuo kikuu katika mwaka 2013. Kile cha Embu, kilichoanza kuwa kishiriki katika mwaka 2011, kiliipata katika mwaka 2016.

Hapo ndipo kazi ya opereta ilipofufuka katika umbo jingine, mikononi mwa mafundi wa mitandao ya vyuo. Amri ya ifconfig, iliyotoka California pamoja na mfumo wa BSD katika mwaka 1983, ilitumiwa hasa kwa kiolesura cha mtandao, yaani mahali mashine inapoungana na mtandao, ambacho ni kadi ya chuma iliyo na waya wake. Lakini chuo chenye fiba moja kina wanafunzi, walimu, wahasibu na simu za ofisini, ambao haifai wote wachanganyike katika njia moja. Kanuni ya mitandao ya mwaka 1998 ilitoa dawa: kila furushi la habari libandikwe alama ya baiti 4, yenye namba kati ya 1 na 4094, na swichi zilitenge kwa namba hiyo. Mrusi Alexey Kuznetsov aliuandikia mfumo wa Linux amri fupi ya ip, na fundi wa leo akiandika `ip link add link eth0 name eth0.20 type vlan id 20`, kiolesura kipya huzaliwa papo hapo juu ya kadi ile ile ya zamani, bila ya bisibisi wala kupanda ngazi. Viko pia violesura pepe vizaliwavyo viwili viwili, kiingiacho kwa kimoja hutokea kwa mwenziwe, sawasawa na ncha mbili za kamba ya opereta.

Ufanano wenyewe hasa ni ule wa kutoweka. Kiolesura kilichoundwa kwa amri hiyo hukaa katika kumbukumbu ya mashine tu, nayo ikizimwa na kuwashwa tena, hakipo, ila fundi awe amekiandika katika faili. Fauka ya hayo, fundi aliye Embu akiirekebisha seva iliyo Meru, na kwa bahati mbaya akakifunga kiolesura kile kile anachokipitia, amejifungia mlango akiwa nje, na mabonde yote yale yanamngoja. Kwa hiyo wenye busara huiamuru kwanza mashine ijiwashe upya baada ya dakika 10, ndipo waanze kazi: jambo likiharibika, mashine itasahau na kurudia hali yake ya zamani, likitengenea, fundi huifuta ile amri ya kujiwasha na kuyaandika mabadiliko yake. Udhaifu wa njia hizi umegeuzwa kuwa kinga, na mimi naihesabu hila hiyo miongoni mwa mambo mazuri ya ufundi huu.

Majina ya maopereta hayakuwekwa pamoja na njia walizozifungua. Mafundi wa sasa wamejaliwa zaidi, kwani katika mafaili yao mstari uanzao kwa alama ya reli hausomwi na mashine, na hapo huweza kuandika ni nani aliyekiongeza kiolesura, siku gani, na kwa haja ipi. Ningependa vyuo vya Nchiru na Embu viyahifadhi mafaili hayo kila mwaka katika maktaba zao, kwa tarehe, pamoja na vitabu vingine vya historia ya nchi hii.