Kidole cha Bela na kioo cha telefone



Nasikia wakubwa wengi wakisema eti kuchora kwa telefone si kuchora, ni mchezo tu wa kupitisha kidole juu ya kioo. Mi ni mtu wa shamba, nilisoma agronomia. Lakini historia ya Lubumbashi inanipa jibu lingine.

Mwaka 1946, mji ungali unaitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua pale atelie iliyojulikana kama Le Hangar. Hakutaka wachoraji waige picha za Ulaya. Waangalie samaki, ndege na nyasi za kwao. Pilipili Mulongoya akajaza tablo zake kwa alama ndogondogo za burosi. Mwenze Kibwanga akachora kwa mistari mifupi, imesongamana kama nguo iliyofumwa. Na Bela, mtu wa upande wa Chad, burosi aliiacha kabisa: alichovya vidole ndani ya rangi na kuchora navyo, nukta kwa nukta.

Zaidi ya miaka 60 ikapita. Mwaka 2009, Mwingereza David Hockney, mzee wa zaidi ya miaka 70, akaanza kuchora kwa kidole juu ya iPhone. Mwaka 2010 akaongeza iPad. Alichora maua na mapambazuko bila kuwasha taa, juu kioo kina mwanga wake chenyewe. Mwaka huohuo Paris ikaonyeshwa maua yale, juu ya vioo hivyohivyo.

Sisemi mmoja alimfuata mwingine. Nasema hivi: kidole kilikuwa chombo cha mchoraji mbele ya kioo kuja. Lakini kuhama kuna bei yake. Kidole cha Bela kilisikia uzito wa rangi; kioo hakina uzito wowote. Hockney alipoteza ule uzito, akapata mwanga na haraka. Njo vile mbegu inavyohamia udongo mwingine: unachunguza kwanza itapoteza nini na itapata nini.

Shida yetu leo si kioo. Ni burosi za tayari ndani ya programu: kijana anabonyeza, ngozi ya chui inatokea, anaita ile "Afrika". Mkono wake haujajifunza kitu.

Mwaka 2015, Fondation Cartier ya Paris ilionyesha kazi za Bela, Pilipili na Mwenze. Wanafunzi wangapi wa hapa wamekwisha kusimama mbele ya tablo moja ya hao? Kobalti ya Katanga inaingia ndani ya betri za telefone. Jiwe linatoka kwetu. Kumbe hata picha ya samaki wetu tungoje ituletwe kutoka ng'ambo?

Mwenye telefone aanze na kazi ngumu: achukue alama za Pilipili, azihesabu kwa macho, azirudilie kwa kidole, moja moja. Nyuma ya hapo, achore samaki wake mwenyewe.