Usomaji wa data za vihisi katika LabVIEW

Usomaji wa data za vihisi katika LabVIEW ni njia ya kupokea vipimo kutoka kwa mikrokontrola, kama ile iliyomo kwenye bodi ya Arduino Uno, na kuvionyesha au kuvihifadhi kwenye kompyuta kupitia programu inayotungwa kwa michoro.

LabVIEW ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1986 na National Instruments, kampuni ya Austin, Texas, nchini Marekani. Lugha yake huitwa G. Mtumiaji huweka alama za kazi kwenye mchoro na kuziunganisha kwa nyaya. Kila kazi hufanyika pale tu data zake zote zinapofika. Tangu mwaka 2020 kuna toleo la bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara.

== Kutoka joto hadi namba ==

Kihisi cha joto LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, hivyo nyuzi 25 ni milivolti 250. Kigeuzi cha Arduino Uno ni cha biti 10: hugawa volti 5 katika hatua 1024, kila moja karibu milivolti 4.9. Milivolti 250 husomwa kama 51, na LabVIEW ikirudisha hesabu hupata nyuzi 24.9. Hatua moja ni karibu nusu nyuzi, kwa hiyo desimali nyingi kwenye skrini hazimaanishi usahihi. Kutumia rejeo la ndani la volti 1.1 hupunguza hatua hadi takriban nyuzi 0.1, ingawa rejeo hilo hutofautiana kati ya bodi na bodi na linafaa kupimwa kwanza.

== Kupitia kebo ==

Kwa kawaida bodi hutuma namba kama herufi, "5" kisha "1", ikifuatiwa na alama ya mwisho wa mstari. LabVIEW huipokea kwa kazi za VISA. Kasi lazima ilingane pande zote mbili. Kwa biti 9600 kwa sekunde, kila herufi huchukua biti 10, yaani herufi 960 kwa sekunde. Kasi zikitofautiana, huonekana herufi zisizosomeka, na kosa hilo hugundulika mara moja.

Kosa baya zaidi ni lile lisiloonekana. Programu ikisoma idadi yoyote ya herufi zilizokwisha kufika, "51" inaweza kukatwa katikati. "5" peke yake ni namba halali, hivyo grafu hushuka ghafla hadi nyuzi 2.4 bila onyo lolote, na lawama humwangukia kihisi. Dawa ni kusoma hadi alama ya mwisho wa mstari, na kuutupa mstari wa kwanza, ambao huenda haukukamilika.

Kitanzi cha LabVIEW kikiwa cha polepole kuliko bodi, data hurundikana kwenye akiba na grafu huonyesha joto la muda uliopita.