Wakala wa soka: leseni ya mwaka jana haitoshi

Akija mtu Nyegina na kumwambia mzazi kwamba yeye ni wakala na kijana ana kipaji, swali linalomtoka mzazi ni moja: una leseni? Sisi tungeongeza la pili: umeilipia mwaka huu?

Kuanzia Aprili 2015 FIFA iliachana na leseni, na usajili wa mawakala ukabaki kwa mashirikisho ya nchi, kwetu TFF. Kanuni mpya zilipitishwa Desemba 2022, na tangu Oktoba 1, 2023 leseni inayohitajika ni ya FIFA yenyewe. Kwa hiyo anayeonyesha barua ya zamani ya usajili bado hajajibu swali.

Mtihani una maswali 20 ya kuchagua jibu, kwa saa moja, na wa kufaulu ni aliyepata 15. Unafanywa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania; Kiswahili bado hakimo.

Leseni ni ya mtu, si ya kampuni, na haina tarehe ya kuisha. Lakini kila mwaka mwenye nayo hulipa dola 600, zaidi ya shilingi milioni moja, na kumaliza masomo ya kujiendeleza kwenye mtandao wa FIFA. Asipotimiza, leseni husimamishwa, na akizidi kukaa kimya hufutwa. Ikiwa imesimamishwa, haruhusiwi kumwakilisha mchezaji yeyote.

Wapo watakaokuambia kanuni hizi zilikwisha. Desemba 2023 FIFA ilisimamisha baadhi yake, hasa ukomo wa malipo ya wakala, kutokana na kesi Ulaya. Leseni haikuguswa.

Kwa kijana wa chini ya miaka 18 masharti ni makali zaidi. Wakala awe amesoma somo maalumu la watoto, na apate kibali cha maandishi cha mzazi kabla ya kuzungumza naye. Kuhamia klabu ya nje kabla ya miaka 18 kumekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache. Na ujira wa wakala hutoka kwenye mkataba uliosainiwa. Anayetaka uuze ng'ombe ili alipie "majaribio", mtilie shaka.

Orodha ya mawakala ipo wazi kwenye tovuti ya FIFA. Tafuta jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, si lile analojiita mtaani. Usipoliona, ulizia TFF au chama cha mpira cha mkoa kabla hujasaini chochote.