Barua ya Mfungwa wa Vita: Sheria, Lugha na Hati



Kabla ya vita vya 1914, mkaazi wa Mlandege aliyetaka kumwandikia jamaa yake wa bara alivuka Darajani, akatia barua yake posta ya Shangani, mambo yakesha. Vita vilipozuka, jamaa huyo akazuiliwa upande wa Wajerumani, barua ilipata msomaji asiyealikwa: mkaguzi. Huyo ndiye nitakayemzungumzia.

Mkataba wa The Hague wa 1907 uliagiza kwamba barua, hawala na vifurushi vya mateka wa vita visilipiwe ada ya posta. Raia waliozuiliwa haukuwataja. Upungufu huo uliwagusa watu wetu. Martin Kayamba, mzaliwa wa Mbweni aliyesoma Kiungani, hakuwa askari. Hata hivyo alifungwa na Wajerumani katika vita hivyo, kama anavyosimulia katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 1936 chini ya uhariri wa Margery Perham.

Mkataba wa Geneva wa 1929 ulileta sharti linalotuhusu wanaisimu: kwa kawaida, mateka waandike barua kwa lugha yao ya asili. Hiyo ni haki kubwa. Lakini mkataba ulitaja lugha, haukutaja hati. Na katika nyumba nyingi za Unguja barua ya Kiswahili iliandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Hati hiyo, kwa mtindo wake wa zamani, ilimtegemea msomaji anayemjua mwandishi. Herufi be ilisimamia b, p na mb. Irabu i na e zilitiwa alama moja. Hivyo "bibi" na "pembe" yaliweza kuandikwa sawasawa. Mwenye barua hakubabaika; mkaguzi, ambaye kazi yake ni kushuku, alikuwa na sababu ya kuizuia. Si kwamba Wazungu hawakuijua hati hii: mwaka 1892 Carl Büttner alichapisha Berlin mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili ya namna hiyo, barua zikiwamo. Lakini kuijua hati si kuwajua wenyeji.

Chukueni mfano wa salamu. Mikataba ya 1949, ambayo iliwaingiza raia pia, ilisema kwamba ikibidi kuwekewa kikomo, mfungwa asinyimwe kuandika walau barua 2 na kadi 4 kwa mwezi. Kwa desturi yetu, salamu peke yake hujaza kadi: fulani akusalimu, na mkewe, na wanawe. Mkaguzi huyaona hayo maneno matupu. Mfungwa anapopata jawabu huyahesabu majina moja moja, na jina lililokosekana ndilo linalomkosesha usingizi.

Basi, wanafunzi wangu, mkikutana na barua ya wakati wa vita katika nyaraka, msiziruke salamu mkitafuta habari. Mara nyingi habari yenyewe imo humo, na mkaguzi aliipitisha bila ya kuijua.